Ushuhuda Unaouzwa: Mitandao na Maamuzi ya Mwanamke Mnunuzi

Panapozuka mazungumzo juu ya wanawake na simu, hukutana kauli mbili zisizosikilizana. Ya kwanza inasema mitandao imewaharibu wanawake, kwamba wananunua wasichokihitaji kwa sababu tu wamekiona kwenye picha. Ya pili inasema mitandao imewafumbua macho: wanajua bei, wanachagua, na wengine wanauza wao wenyewe. Kauli hizo zinasikika redioni, kwenye vikao vya vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, na kwenye mabaraza ya Mwembesongo, Manispaa ya Morogoro, na si ajabu mtu mmoja akazisema zote mbili kwa siku moja, kulingana na nani yuko mbele yake.

Kinachochanganya ni kwamba kununua kunahesabiwa kuwa tendo moja, ilhali ndani yake mna maamuzi matatu: kukitamani kitu, kumwamini anayekiuza au anayekisifu, na kutoa fedha. Mitandao haina nguvu sawa katika hatua hizo. Katika kutamanisha inafanya kazi iliyofanywa zamani na madirisha ya maduka na nguo za harusini. Katika kutoa fedha inakutana na kipato, na kipato hakisogei kwa sababu ya picha. Hatua ya kati, ya kuamini, ndiyo iliyobadilika kweli, na ndiyo isiyojadiliwa. Neno la mtu aliyekwishatumia bidhaa, ambalo jirani alilitoa bure, sasa lina bei, na anayelisikia haambiwi kuwa limelipiwa.

Ilikotoka hali hii

Kabla ya simu janja, mwanamke wa Mwembesongo alijua kipya kilichoingia mjini kwa njia chache: maduka ya katikati ya mji na soko kuu, marobota ya mitumba, mama anayepita nyumba kwa nyumba na vitenge vya kukopesha, au ndugu aliyekwenda soko la Kariakoo, Dar es Salaam, akarudi na mzigo. Kubwa kuliko hizo zote ilikuwa shughuli. Kwenye harusi, kwenye maulidi, kwenye ngoma ya kumtoa mwali, nguo ilionekana ikiwa mwilini mwa mtu anayefahamika. Swali la “umenunua wapi?” lilijibiwa papo hapo, na aliyejibu angekutwa kesho palepale kisimani kama kitambaa kingechuja rangi.

Morogoro wenyewe ni mji wa viwanda. Kiwanda cha viatu na cha turubai viliwekwa hapa enzi za mashirika ya umma, na kiwanda cha 21st Century Textiles kimekuwa kikichapa khanga na vitenge mjini humu. Lakini mtindo wa kuvivaa vitambaa hivyo umekuwa ukitazamwa Dar es Salaam kwanza.

Blogu ndizo zilizoanza kuleta macho ya Dar es Salaam mikoani. Mpiga picha Issa Michuzi alifungua yake mwaka 2005, na picha za harusi na hafla zikawa zinaonekana na mtu ambaye hakualikwa. Zikafuata blogu za urembo na mitindo zilizoandikwa kwa Kiswahili, nyingine na wanawake wenyewe. Mwaka 2008 Vodacom ilileta M-Pesa nchini, kampuni nyingine zikafuata na huduma zao, na kwa mara ya kwanza mtu aliyekiona kitu mbali aliweza kukilipia bila kusafiri. Instagram na WhatsApp zilipoenea, picha, mazungumzo na malipo vikakutana ndani ya kifaa kimoja.

Kisha kikaja kipindi ambacho, kwa maoni yangu, hakikupewa uzito wake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na gharama za kuanzia zilifika takriban shilingi milioni 2.1. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye, lakini blogu kadhaa zilikuwa zimeshasimama. Si kanuni pekee zilizoziua, maana wasomaji tayari walikuwa wanahamia kwenye picha na video fupi. Hata hivyo mnunuzi alipoteza kitu. Blogu ina kumbukumbu: anayetaka kujua mafuta fulani yalisemwaje miaka miwili iliyopita anarudi nyuma na kusoma, pamoja na malalamiko ya waliochangia chini. Stetasi ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24. Ukurasa wa Instagram unamruhusu mwenye duka kufuta lawama na kubakiza sifa. Ushuhuda ukahama kutoka mahali palipo na kumbukumbu kwenda mahali pasipo nayo.

Hoja ya kwanza: picha ndiyo inayosukuma

Wanaolaumu mitandao wana ushahidi wa kutosha wa kusikilizwa. Biashara ya majina makubwa imejengwa juu ya imani kwamba anayependwa ataigwa. Jokate Mwegelo aliuza nywele na ndala kwa jina la Kidoti, mwanamitindo Flaviana Matata akaja na rangi za kucha za Lavy, na mwaka 2017 mwanamuziki Diamond Platnumz alitoa manukato ya Chibu. Hao angalau walitaja bidhaa kuwa ni zao, hivyo mnunuzi alijua anayesifu ndiye anayeuza.

Mbinu za wauzaji wadogo nazo zinajulikana: “zimebaki pisi tatu”, “mzigo wa mwisho”, “ofa inaisha leo usiku”. Haraka hiyo inatengenezwa makusudi, kwa sababu mtu aliyepewa usiku mmoja wa kufikiri huuliza wenzake na mtu aliyepewa saa moja haulizi. Simu inayoonyesha nguo ndiyo hiyo hiyo inayotoa mkopo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijiti yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Umbali kati ya kukitamani kitu na kudaiwa kwa ajili yake umefupishwa hadi kubonyeza mara chache.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inachukulia kuona kuwa ni kununua. Wanaotazama ni wengi mno kuliko wanaolipa, na anayeishi kwa mauzo ya vitumbua vya asubuhi au kwa ujira wa siku anajua hesabu yake kabla hajafungua simu. Mwishoni mwa 2023 nchi ilikuwa na laini zaidi ya milioni 35 zilizotumia intaneti, ilhali sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Hizo ni laini tu, na mtu mmoja huwa na mbili au tatu. Mijini wapo wanawake wengi wanaoona bidhaa za mtandaoni kwenye simu ya binti au ya mpangaji mwenzao.

Hoja hii ina upendeleo pia. Mwanamume anayetumia fedha kwenye kubeti kila mwisho wa wiki anaambiwa ana bahati mbaya. Mwanamke aliyenunua dera la elfu ishirini anaambiwa ametekwa na mtandao. Uchambuzi unaoanza kwa kumshuku mnunuzi hauwezi kumwona muuzaji vizuri.

Hoja ya pili: simu imempa mnunuzi nguvu

Upande wa pili unaanza na nauli. Treni ya kisasa ilipoanza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000, bila daladala wala chakula. Kwa anayenunua mzigo wa kuuza, safari ya Kariakoo ya siku moja imekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Kwa anayetaka gauni moja, nauli itakula bei ya gauni. Muuzaji aliyeandika “tunatuma mikoani” na kupakia kifurushi kwenye basi kwa shilingi elfu chache hadi stendi ya Msamvu amemwokolea gharama hiyo, na kutoka stendi bodaboda inamaliza kazi.

Kuna faida nyingine kwa wale ambao soko halikuwatazama. Mwanamke mnene aliyezoea kuambiwa dukani kwamba saizi yake haipo, au mama mwenye kichanga asiyeweza kuzunguka mjini, anapata kitu anachokitaka akiwa barazani kwake. Wauzaji nao wengi ni wanawake: mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUA au cha Mzumbe anayeuza mitandio kupitia stetasi, mwajiriwa anayeongezea mshahara kwa vyombo vya jikoni. Duka la mtandaoni halidai kodi ya fremu ya miezi sita kwa mkupuo.

Lakini nguvu hiyo inapunguzwa na jambo moja dogo lenye madhara makubwa: bei haiandikwi. “Bei inbox.” Wauzaji wana sababu zao. Wanahofia mshindani atawashushia bei, wanapata nafasi ya kumpandishia au kumpunguzia mteja kwa kumtazama, na wengine hawataki mauzo yao yaonekane na mtoza kodi. Matokeo yake, faida iliyosifiwa kuliko zote, yaani kulinganisha bei, haipatikani. Anayetaka kulinganisha kurasa kumi lazima aandike ujumbe mara kumi, na kila ujumbe unamfungulia mlango muuzaji wa kumbembeleza. Kwenye soko la Chifu Kingalu mnunuzi anauliza bei huku akitembea.

Duka la namna hii ni dhaifu kwa njia nyingine pia. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ya nchi nzima kuyumba, aliyekuwa na fremu mjini aliendelea kuuza. Aliyekuwa na ukurasa pekee alisubiri.

Hoja ya tatu: anayeamua ni kundi

Kuna maelezo ya tatu ambayo pande zote mbili haziyataki, kwa sababu yanampunguzia mtandao lawama na sifa kwa pamoja. Mwaka 1945, katika mji wa Decatur, jimbo la Illinois nchini Marekani, watafiti waliwahoji wanawake wapatao 800 kuhusu ununuzi wa nyumbani, mitindo, filamu na mambo ya umma. Matokeo yalichapwa mwaka 1955 katika kitabu cha Elihu Katz na Paul Lazarsfeld kiitwacho Personal Influence. Waligundua kwamba matangazo ya redio na magazeti yalikuwa na nguvu ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Mwanamke alibadilisha bidhaa zaidi kwa neno la mtu aliyemjua. Tena washauri walitofautiana kwa jambo: kwa mahitaji ya jikoni walisikilizwa akina mama wenye familia kubwa, kwa mitindo wakasikilizwa mabinti.

Miaka karibu 80 baadaye, anayeijua mitaa ya Morogoro ataitambua picha hiyo. Mafuta ya kupikia na unga vinaulizwa kwa mama mwenye watoto sita, rasta na kucha vinaulizwa kwa binti. Ndani ya kikundi cha WhatsApp cha kikoba, mtu akiweka picha ya sufuria zisizoshika chakula, kinachoamua ni sauti ya mwenzao mmoja: “Ninazo, mwezi wa nne sasa, hazijatoka rangi.” Hapo picha ya mtandaoni imekuwa chanzo cha mazungumzo tu.

Sare ya shughuli inalionyesha jambo hili wazi zaidi. Kikundi kinapochagua kitenge cha harusi, mwanakikundi hanunui kwa kupenda. Ananunua kwa sababu asiyevaa sare anasomeka kuwa amejitenga. Shinikizo hilo ni la zamani kuliko simu. Simu imeliongezea kasi na orodha: majina ya waliolipa yanawekwa kikundini na kusomwa na wote, na ambaye jina lake halipo anajulikana kabla ya jua kuchwa. Wanaosema mwanamke aache kufuata mitandao wanasahau kwamba hapa anachofuata ni undugu na ujirani, ambao siku ya msiba ndio utakaobeba jeneza.

Hoja ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, lakini nayo ina upungufu. Katz na Lazarsfeld waliandika juu ya ulimwengu ambamo jirani hakulipwa. Mshauri wa Decatur alikuwa na sifa ya kupoteza na hakuwa na kamisheni ya kupata. Leo anayezungumza kwa sauti ya jirani, kwa Kiswahili cha barazani, akiwa jikoni kwake na kanga kiunoni, huenda amelipwa kwa kila neno. Amechukua mavazi ya jirani bila kuchukua dhamana yake.

Vipodozi: mahali ushuhuda unapodhuru

Nguo isiyokidhi inampotezea mtu fedha. Kipodozi kibaya kinampotezea ngozi na figo, ndiyo maana suala lote linafaa kupimwa hapa.

Biashara ya mkorogo, yaani vipodozi vya kuchubua ngozi, haikuanzishwa na mitandao. Krimu zenye haidrokwinoni na zebaki zilipigwa marufuku nchini miaka mingi kabla Instagram haijawa neno la kawaida, na mamlaka zilikuwa zikizikamata na kuziteketeza. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, ulilenga kuondoa vipodozi vyenye zebaki sokoni ifikapo 2020. Madhara yanajulikana: zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yasiyoondoka, na dawa kali za steroidi zinazochanganywa humo huifanya ngozi kuwa nyembamba hadi kidonda kidogo kinagoma kupona.

Mitandao imeongeza aina mpya ya ushahidi: picha mbili, ya kabla na ya baada. Picha hizo zina nguvu kwa sababu mara nyingi si za uongo. Ngozi kweli inang’aa ndani ya wiki chache. Madhara huja baada ya miezi au miaka, wakati ukurasa umeshabadilisha jina na aliyeshuhudia ameshalipwa. Hapo ndipo ushuhuda wa mtandaoni unapotofautiana kabisa na wa jirani. Jirani anabaki machoni pa wenzake, na uso wake wa mwaka wa tatu unatoa ushuhuda wa pili unaoukana ule wa kwanza. Aliyepiga picha mbili hana mwaka wa tatu.

Mlinzi wa mnunuzi naye hajulikani vizuri. Hadi 2019 vipodozi vilisimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Julai mwaka huo kazi ya chakula na vipodozi ikahamia Shirika la Viwango, TBS, na TFDA ikawa TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Uamuzi huo una mantiki, ila umeacha pengo kwenye krimu iliyochanganywa na steroidi, ambayo kwa jina ni kipodozi na kwa kazi ni dawa. Mama aliyebabuka uso hajui aanzie ofisi gani. Na mkorogo unaochanganywa nyumbani, ukatiwa kwenye kikopo kisicho na lebo na kuuzwa kwa stetasi, haujawahi kupita mbele ya ofisi yoyote kati ya hizo.

Tuma kwanza, au lipa ukipokea?

Mgogoro unaojirudia kuliko yote kati ya mnunuzi wa mkoani na muuzaji wa mtandaoni ni nani aanze kumwamini mwenzake. Muuzaji anasema “tuma kwanza”, na hasemi hivyo kwa ubaya kila mara. Akipakia mzigo kwenye basi na mteja akazima simu, amepoteza nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima. Mnunuzi naye akituma kwanza, hana cha kushika zaidi ya ujumbe wa muamala.

Kulipa baada ya kupokea kunamlinda mnunuzi, lakini gharama ya wateja wanaokataa mzigo inaingizwa kwenye bei ya wanaopokea. Wale waaminifu wanawalipia wasio waaminifu. Kulipa kwanza kunashusha bei na kumpa tapeli uwanja. Hakuna njia isiyo na gharama, na anayemwambia mwanamke wa Mwembesongo “usitume kamwe fedha kabla” anamwambia kwa kweli anunue ghali, au asinunue nje ya Morogoro.

Sheria ipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ajitambulishe, atoe anwani, aeleze bidhaa na bei yake, na inampa mlaji nafasi ya kubatilisha ununuzi. Kwa mtazamo huo “bei inbox” haipatani na sheria hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji. Tatizo ni ukubwa wa hasara. Aliyetapeliwa shilingi 35,000 hatafunga safari ya kwenda ofisini kuzidai, na tapeli anapanga bei zake akilijua hilo. Wanaopoteza ni wengi, kila mmoja kidogo, na hivyo hakuna mlalamikaji.

Mizani inalala wapi

Ukizipima hoja tatu, ya kwanza inakosea mahali pa tatizo, ya pili inasifu faida ambayo “bei inbox” imeikata nusu, na ya tatu iko sahihi mpaka pale jirani anapogeuka kuwa mlipwaji. Kinachotakiwa kushughulikiwa ni ule ushuhuda wa kulipiwa usiotangazwa.

Serikali yenyewe imeshakubali kuwa kazi hiyo ina malipo: mwaka 2024 sheria ya fedha iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui ya kidijiti. Kama malipo hayo yanaonekana na mtoza kodi, hakuna sababu yasionekane na mnunuzi. Nchi kama Uingereza na Marekani zinamtaka anayelipwa kusifu bidhaa aseme wazi kuwa hilo ni tangazo. Neno “tangazo” juu ya picha halimzuii mtu kununua, wala halimgharimu muuzaji mkweli chochote. Linamrudishia msikilizaji haki aliyokuwa nayo barazani, ya kujua anayezungumza anasimama upande gani.

Wapo watakaosema lebo hiyo haitasomwa, au kwamba itawabana wadogo na kuwaacha wakubwa. Pingamizi la pili ni zito, maana leseni za 2018 zilifanya hivyohivyo. Ndiyo maana wajibu huo usihitaji ada wala kibali, na uanze na wenye wafuasi wengi na wauza vipodozi, ambako madhara ni makubwa na wahusika wanajulikana. Binti anayeuza mitandio kwa stetasi kwa watu 90 wanaomjua hana haja ya kanuni mpya, kwa kuwa wateja wake wanaijua nyumba yake.

Kwa upande wa wanunuzi, chombo kilicho tayari ni kikoba. Kikundi cha wanawake 20 kinachoagiza pamoja kinalipa usafiri mara moja na kinaweza kumtuma mmoja wao Kariakoo kwa treni ya asubuhi akaushike mzigo kwa mikono kabla fedha haijatoka. Kikitapeliwa, hasara yake inatosha kupelekwa kwenye ofisi yenye mamlaka, ikiwa na majina 20 chini ya barua. Na kikihifadhi kwenye daftari jina la kila muuzaji, namba iliyopokea fedha na hali ya bidhaa baada ya miezi sita, kitakuwa na ile kumbukumbu iliyopotea pamoja na blogu.

Daftari hilo linawasaidia hata wauzaji. Dada wa Dar es Salaam aliyetuma mizigo kumi Mwembesongo bila lawama atakuwa na sifa ambayo hakuna staa anayeweza kumuuzia, na oda ya kumi na moja itamjia bila kupunguza bei wala kuandika kwamba zimebaki pisi tatu.